Kiunzi cha Seli na Safari ya Serotonini



Katika nyua za Mbagala na Tandale, Dar es Salaam, huota vinka, mmea mfupi wenye asili ya Madagaska, ambao wataalamu huuita Catharanthus roseus. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer, nchini Kanada, walitangaza kwamba wamepata vinblastini, dawa ya saratani, katika majani yake. Ndugu yake, vinkristini, ikaja kuwa nguzo ya tiba ya limfoma ya Burkitt, uvimbe wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka huohuo.

Kila seli ina kiunzi. Sehemu yake moja ni mikrotubuli, mirija yenye upana wa nanomita 25, inayotenganisha kromosomu seli inapogawanyika. Vinkristini huizuia isijengeke, na seli ya saratani hufa. Neva haigawanyiki, lakini huitegemea mirija hiyohiyo kwa uchukuzi. Mfano ni serotonini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe.

Mwaka 1964 Annica Dahlström na Kjell Fuxe wa Sweden walionyesha kuwa seli za serotonini zimejikusanya katika shina la ubongo, ilhali nyuzi zake hufika hadi uti wa mgongo. Vifuko vinavyobeba kemikali kama hiyo husafiri juu ya mirija, hadi milimita 400 kwa siku. Mwaka 1968 Dahlström alionyesha katika neva za panya kwamba kolkisini, dawa nyingine inayovunja mirija, huvikwamisha njiani vifuko vya noradrenalini, jamaa wa karibu wa serotonini.

Je, mirija ikivunjwa, umwagaji wa serotonini hukoma papo hapo? Hapana. Huo huamshwa na kalsiamu inayoingia katika ncha ya neva, na vifuko vilivyokwisha kufika hutumika na kujazwa tena palepale. Barabara ya Kilwa ikikatika Mtongani, duka la Rangi Tatu, mbele zaidi kwenye barabara hiyo, huendelea kuuza hadi bidhaa zilizomo ziishe. Ncha ya neva nayo hudhoofika polepole, kwa kukosa vipuri vipya. Aktini, nyuzi nyingine za kiunzi, ziko karibu zaidi na mlango wa kumwagia serotonini: zikivunjwa kwa kemikali iitwayo sitokalasini, umwagaji waweza kupungua au hata kuongezeka, kulingana na hali ya ncha yenyewe.

Turudi kwa vinkristini: haivuki kwa urahisi kuingia ubongoni. Ndiyo maana madhara yake huonekana kwanza katika neva ndefu za miguu na katika neva za utumbo: ganzi, miguu kulegea, choo kigumu.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wenye watoto katika tiba: ganzi na kufunga choo si mambo ya kuvumilia kimya. Mwambieni muuguzi mapema, maana kipimo cha dawa huweza kurekebishwa. Na majani ya vinka msiyachemshe nyumbani kwa ugonjwa wowote. Sumu iliyomo ni ileile inayopimwa hospitalini kwa miligramu.