Baiskeli ya Hisani na Daftari la Butura

Najua mlipo. Ndizi ziko jikoni, redio iko dirishani, watoto wameshatumwa maji, na baba mwenye nyumba ndiyo kwanza anarudi kutoka senta. Asogee karibu. Leo nina neno naye.

Vijana wa parokia wananiandikia sana siku hizi kuhusu misafara ya baiskeli ya hisani. Wamesikia habari za Twende Butiama: tangu mwaka 2019 waendesha baiskeli wanatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, hadi nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, kumkumbuka siku ya tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Njiani wanapanda miti, wanatoa madawati, wanapima watu afya. Maadui ni wale wale watatu wa Mwalimu: ujinga, maradhi, umaskini. Wengine wamesoma habari za Marekani, ambako mwaka 2010 Mjesuiti mmoja wa Kansas City, Padre Matt Ruhl, aliongoza wenzake kwa baiskeli kutoka Cape Flattery, pembe ya kaskazini-magharibi, mpaka Key West, kusini kabisa mwa Florida. Ni kama kilomita 8,000, na kila walipofika walizungumza na watu juu ya umaskini. Sasa vijana wanauliza: jimbo letu katoliki la Kayanga lipo tangu mwaka 2008, baiskeli tunazo, milima tunayo, kwa nini parokia zetu zisifanye hivyo?

Zifanye. Nani kakataa? Lakini kabla hamjapeleka fulana kwa fundi, mniambie: mtatangaza umaskini upi? Maana upo mmoja nauona kila mwaka, unarudi na mvua, na hamuutaji kanisani.

Kuna bwana mmoja, kijiji chake nakihifadhi. Alitaka baiskeli. Haja halali kabisa. Ndizi za huku haziendi sokoni zenyewe. Mwezi wa pili akaenda kwa mwenye daftari, yule anayetoa fedha leo ili achukue kahawa msimu ukifika, kahawa ikiwa bado ni vipele vya kijani tawini. Daftari lenyewe nimelishika kwa mkono wangu. Ni daftari la shule, la mtoto, nyuma yake limechapwa jedwali la kuzidisha. Ndani kuna jina, idadi ya magunia, neno "Juni," na alama ya dole gumba kwa wino wa buluu. Bei haimo. Nikafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne: majina, magunia, madole. Bei haimo popote.

Juni ikafika. Yule bwana akapakia kahawa yake juu ya baiskeli ile ile, akaisukuma mlima mzima hadi uani kwa mwenye daftari. Ikapimwa. Haikutosha. Akaiacha na baiskeli.

Hiyo ndiyo butura, ndugu zangu: kuuza kahawa ikiwa bado tawini. Msiniambie ni mkopo. Tufanye hesabu, na hii ni hesabu ya mfano tu, asije mtu kesho akasema redio imetangaza bei. Tuseme kilo ya kahawa ya maganda msimu ukifika ni shilingi 4,000. Mwezi wa pili umepewa 1,500 kwa kilo. Kwa kilo mia umepokea laki moja na nusu, na umelipa kahawa ya laki nne. Laki mbili na nusu zimekwenda katika miezi minne! Mtu huyo huyo akiambiwa benki inatoza riba, anatema mate chini.

Najua mtakachosema. Vyama vya msingi vya ushirika vinachelewesha malipo. Kweli, na hilo lina siku yake, na nitawaita wahusika hapa studioni wajibu wenyewe. Mtasema shida haina hodi. Kweli pia. Mgonjwa yuko kitandani, hospitali inataka fedha, nani atakulaumu? Lakini nimewauliza watu wengi walichochukulia butura, na wagonjwa ni wachache kuliko mnavyodai. Ni Krismasi. Ni michango ya harusi ya mtoto wa jirani, ili usionekane mnyonge kwenye kamati. Ni Januari, na hapa ndipo nakosa uvumilivu kabisa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016. Kinachobaki ni sare, madaftari, godoro la bweni, vitu ambavyo tarehe yake unaijua tangu mtoto yuko darasa la tano. Januari haijawahi kuja Machi. Kwa nini kila mwaka inakukuta kama mgeni wa usiku?

Na akina mama! Mama ndiye anayepalilia. Mama na watoto ndio wanaochuma, wanaanika, wanakimbia kufunika mvua ikitishia. Dole gumba daftarini ni la nani? La baba, peke yake, amelitia senta kwenye pombe ya rubisi, na nyumbani hakusema. Mama anajua siku gunia linapobebwa. Mmoja alinieleza kwamba alimkuta mtu asiyemfahamu akikagua mikahawa yake, anaihesabu mti kwa mti, akamuuliza ni nani. Akajibiwa kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama, nimekuja kuangalia kahawa yangu."

Baada ya hapo yanafuata mengine. Mtu anaogopa deni, anachuma mbichi. Anaanika chini kwenye udongo, kahawa inapata harufu, inashuka daraja. Mwingine ameuza kahawa ile ile kwa watu wawili, sasa yuko baraza la kata. Mwingine anaivusha usiku kwenda ng'ambo ya Mto Kagera, akidhani akikwepa mzani wa chama amemkwepa na mwenye daftari. Mwenye daftari ana watu Murongo, pale mpakani, bwana wee. Alikutangulia.

Serikali imekataza butura mara nyingi. Mwaka 2018 ilielekezwa kahawa yote ipite kwenye ushirika. Mwenye daftari alifanya nini? Alijiunga na ushirika. Sasa anapeleka kahawa yako kwa jina lake, anapokea bei ya mnada, na wewe unampigia makofi mkutanoni kama mkulima bora.

Narudi kwa vijana na baiskeli zao. Shida yangu na shughuli zetu za hisani ni mgeni rasmi, maana mara nyingi ni yule yule mwenye daftari. Nimehudhuria harambee, nimeona. Anakaa kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe, anatoa laki tano kwa mabati ya kigango, watu wanapiga vigelegele. Mjane aliyeko nyuma anapiga vigelegele pia, na mabati mawili kati ya yale ni kahawa yake. Msafara wenu ukifadhiliwa na daftari, msinialike kuutangaza.

Biblia mnayo nyumbani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kushika rehani jiwe la kusagia, kwa sababu ni kushika uhai wa mtu. Mkahawa wa huku ni nini kama si jiwe hilo? Lakini jumuiya ndogo ndogo inakutana kila wiki, mwenye deni na mwenye daftari wanashika kitabu kimoja cha nyimbo, na hakuna anayeuliza. Walutheri msicheke, na nyumba za Waislamu nazo ninazijua; madole yamo ya dini zote.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Papa Fransisko alianzisha Siku ya Maskini Duniani mwaka 2016, na tangu 2017 inaadhimishwa kila Novemba, Jumapili ya 33 ya Mwaka wa Kanisa. Ni wiki chache tu kabla ya Krismasi, yaani kabla daftari halijafunguliwa. Endesheni siku hiyo. Msiwachukue wenye baiskeli za gia peke yao. Wachukueni wale wanaosukuma mikungu kutoka Isingiro na Kaisho, hao ndio wanaoijua barabara. Msihesabu kilomita. Simameni kila kigango, mtu mmoja asome hesabu ile ya kilo mia, kwa sauti, kwa Kinyambo na kwa Kiswahili. Fedha mtakayochangisha isiliwe kwenye pilau na fulana. Iwe mfuko wa parokia wa kukopesha kidogo kidogo mwezi wa kwanza, urejeshwe kahawa ikiuzwa, na fomu isainiwe na mume na mke, wote wawili, wakiwa pamoja. Asiyetaka mkewe asaini, mumjue.

  

Wiki ijayo, saa hii hii, afisa ushirika atakuwa hapa. Mwenye karatasi ya butura ailete ofisini kwetu kabla ya Ijumaa, tutafunika jina na kuisoma hewani. Na wewe mwenye daftari, najua unasikiliza, redio yako ni kubwa kuliko zote kijijini. Laini ya simu itakuwa wazi. Piga, utuambie kwa nini bei huiandiki.