Nguvu Isiyotia Saini: Augustin Katumba Mwanke na Utawala wa Kongo



Reli ilifika hapa Bukama mwaka 1918, na kuanzia 1928 ikaendelea hadi Ilebo. Babu zetu waliiona shaba ya kusini ikivuka Lualaba, nasi tumeiona. Nani huamua iuzwe kwa nani, na kwa bei gani? Kwa karatasi, ni waziri na Gécamines, shirika la madini la serikali. Lakini katika miaka ya Rais Joseph Kabila, waliojua njia za Kinshasa walitafuta kwanza mlango wa mtu mmoja: Augustin Katumba Mwanke.

Alizaliwa mwaka 1963, mtu wa Pweto. Baada ya Mobutu kuanguka alirudi kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila akamfanya gavana wa Katanga nzima, Bukama ikiwemo. Ilikuwa kazi ya vita. Desemba 2000 Pweto yenyewe ilitekwa, na mwezi uliofuata Rais akauawa. Mtoto wake Joseph, aliyemrithi, kijana asiye na chama wala mtandao mkubwa Kinshasa, alihitaji mtu anayejua hesabu, anayeijua Katanga, na asiyekitamani kiti chake. Hapo ndipo nguvu ya Katumba ilipozaliwa. Sikubaliani na wanaosema ilitokana na hila tu. Alikuwa hodari, msiri na mchapakazi, na mtawala mwenye hofu huwathamini watu wa namna hiyo kuliko mawaziri kumi.

Oktoba 2002 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walimtaja katika ripoti yao juu ya uporaji wa mali za Kongo. Akatoka serikalini. Je, nguvu zake zilipungua? Hasha! Akawa mbunge wa Pweto, akauongoza muungano wa vyama vya Rais, AMP, kisha mwaka 2009 akauacha uongozi huo pia, na bado watu walimfuata. Kila cheo alichokiacha kilimwondolea mahali pa kuulizwa, huku sikio la Rais likibaki lake.

Tarehe 12 Februari 2012 ndege yake ilianguka Bukavu, akafa. Kitabu chake, Ma vérité, kilitoka mwaka 2013, akiwa kaburini. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani, Och-Ziff, ilikubali kulipa takriban dola milioni 413 kwa mashtaka ya hongo barani Afrika, Kongo ikiwemo. Hati za kesi zilimweleza afisa mmoja wa Kongo bila kumtaja jina. Magazeti mengi yakasema ni Katumba. Marehemu hawezi kujitetea, nasi hatuwezi kumhoji. Hasara hiyo ni yetu pamoja na watoto wake.

Tazameni sasa habari ya Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais Tshisekedi kuanzia 2019. Alikuwa na cheo kinachojulikana, kwa hiyo alipotuhumiwa kuhusu fedha za mpango wa siku mia moja wa Rais huyo alifikishwa mahakamani mwaka 2020, akahukumiwa, akakata rufaa, na mwaka 2022 akaachiwa huru. Mtu anaweza kuibishia hukumu ile ya kwanza au hii ya mwisho. Walau maswali yaliulizwa hadharani, naye akayajibu akiwa hai.

Ibara ya 138 ya Katiba yetu inawapa wabunge maswali, uchunguzi na mahojiano juu ya serikali, mashirika na huduma za umma. Washauri wa Rais haiwataji. Wabunge mliotumwa na Bukama, pelekeni Kinshasa sheria itakayowalazimu washauri hao kutangaza mali zao, na kufika mbele ya kamati za Bunge kila mkataba wa madini unapopita mikononi mwao. Nanyi wananchi, wakija kuomba kura, waulizeni kwanza wamefikia wapi na sheria hiyo.