Vizibo Kwenye Mkeka

Mchana, uani. Mtoto wa miaka mitatu amekaa mkekani na vizibo vya soda. Anavipanga mstari mmoja ulionyooka, kila kizibo kikigusa mwenzake. Mama anamwita; hageuki. Jirani anayepita anatoa hukumu papo hapo: huyu hata mamake hamjui.

Msikilizaji, hukumu hiyo imewaliza akina mama wengi wanaolea watoto wenye usonji, yaani autism. Nayo si ya kweli.

Ina historia ndefu. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye usonji aliowaona wamejitenga na watu. Baadaye yakaenea maneno kwamba wazazi wao, hasa mama, walikuwa na mioyo ya barafu. Mwandishi Bruno Bettelheim aliyakoleza katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mama akawa anakwenda kumtafutia mwanawe msaada, anarudi amebebeshwa lawama. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaambia kwamba hawana hatia. Majeraha yalikuwa yameshaingia.

Jibu la hukumu hiyo lilikuja kwa njia iliyopitia Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anatembelea kaya 26 za vijiji vilivyo jirani na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, kisha anaendelea. Baadaye huko Baltimore alibuni kipimo cha mshikamano wa mtoto na mama: mama na mtoto wanaingia chumba chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka kidogo, anarudi. Kinachoangaliwa hasa ni jinsi mtoto anavyompokea.

Watoto wenye usonji nao walipimwa hivyo. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walijumlisha matokeo ya tafiti mbalimbali, wakakuta asilimia 53 ya watoto hao wana mshikamano salama na mzazi. Ni pungufu kuliko watoto wengine, lakini kwa wale ambao ukuaji wao wa akili ulikuwa mzuri zaidi, tofauti hiyo haikuonekana. Mama wanajulikana, na wanapendwa. Ila pendo lenyewe huenda lisije kwa kutazamana machoni. Huja kwa mtoto kumwegemea mama mgongoni, au kumshika mkono na kuuvuta mpaka kwenye jagi la maji.

Basi turudi mkekani, maana mchezo ndio mlango.

Huko Los Angeles, mtafiti Connie Kasari na wenzake walifanya kazi na watoto 58 wenye usonji wa miaka mitatu na minne, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Waliofundishwa mchezo wa kuigiza, nusu saa kwa siku kwa wiki chache, walianza kucheza na mama zao michezo ya aina nyingi zaidi. Na njia yenyewe haihitaji mdoli wa dukani. Mtu mzima anakaa chini, usawa wa macho ya mtoto. Havurugi mstari, wala haulizi "Hii rangi gani?" Anachukua kizibo kimoja, anakiweka mwisho wa mstari, ananyamaza. Anangoja. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Mtoto akiweka chake, naye anaweka kingine. Zamu imepatikana. Siku nyingine kizibo kinageuzwa kikombe, kinapelekwa mdomoni, "aah, chai!", na mtoto anainua macho, sekunde moja tu, amtazame aliyekunywa.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu, au asiyeitika jina lake, apelekwe kliniki mapema, familia isikae ikisubiri achangamke mwenyewe. Na leo jioni, baba, mama, bibi, yeyote aliyepo nyumbani, akae naye mkekani, ashike kizibo chake, angoje zamu.