Tezi Dume Iliyokaa Ugenini

Mada kwa wahudumu wa afya wa Mwese, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi



Nitaanza na mkojo. Mwanaume akikojoa damu, mara nyingi haji kituoni siku hiyo. Anasubiri. Ikiwa damu hiyo haina maumivu anasubiri zaidi, maana tumezoea kuupima ugonjwa kwa jinsi unavyouma. Anapofika kwetu amekwisha kumeza dawa za dukani za kisonono, amekwisha kunywa mizizi, na pengine hasemezani na mkewe. Tumtazame mtu huyo kwa utulivu, kwa sababu ninalotaka kulizungumza leo huenda limo ndani ya kibofu chake.

Tezi dume mnaijua. Kwa kijana ina uzito wa takriban gramu 20, imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo kama pete, na kazi yake ni kutoa majimaji yanayochukua mbegu za kiume. Lakini kwa watu wachache sana, kipande cha tishu hiyo hiyo, kilichokamilika na kinachotoa majimaji yale yale, hukutwa mahali pengine. Mara nyingi ni kwenye mrija wa mkojo wenyewe, au kwenye ukuta wa kibofu karibu na shingo yake, ambako huota kama kinyama kidogo. Mara chache zaidi hukutwa kwenye korodani au karibu na puru. Si ugonjwa wa kuambukiza, hautokani na zinaa, na kwa kawaida si saratani. Mimi naiita tezi dume ya ugenini.

Imefikaje huko? Mtoto akiwa tumboni, mnamo wiki ya 8 korodani zake changa huanza kutoa homoni ya kiume. Kuanzia kama wiki ya 10, homoni hiyo hukiamsha chumba kimoja cha awali, na vichipukizi hujitokeza kwenye ukuta wake na kuwa tezi dume. Sasa shikeni jambo hili: chumba hicho hicho ndicho kinachozaa sehemu kubwa ya kibofu na mrija wa mkojo. Ni ndugu wa tumbo moja. Anayepanda maharage hapa milimani anajua kwamba mbegu mbili tatu huanguka nje ya tuta, nazo huota. Wataalamu wengi wanaona kwamba vichipukizi vichache hubaki nje ya mahali pake namna hiyo. Wapo pia wanaosema kwamba utando wa kibofu uliochokozwa kwa muda mrefu unaweza kujigeuza na kuchukua sura ya tezi. Maelezo yote mawili yana wenyewe, na huenda kila moja ni kweli kwa wagonjwa tofauti.

Akina mama, nanyi msidhani mada hii inawapita kando. Mwanamke ana vitezi vidogo pembeni mwa mrija wa mkojo, vilivyotokana na asili ile ile inayozaa tezi dume kwa mwanaume. Ndiyo maana mara mojamoja kipande kilichokatwa kwenye mlango wa kizazi, baada ya uchunguzi wa saratani, kinarudi na jibu kwamba ndani yake kuna tishu ya aina ya tezi dume. Muuguzi atakayesoma jibu hilo asidhani maabara imechanganya sampuli za watu wawili, na kwa hali yoyote asimwambie mama huyo neno litakalomfanya atilie shaka uanawake wake. Amweleze taratibu kwamba ni masalia ya tangu tumboni.

Mwese ni mahali pazuri pa kulieleza jambo hili. Miaka ya 1960 milima hii iliwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, na baadaye wafugaji wa Kisukuma wakaja Katavi na ng'ombe wao. Wazee mlioketi hapa mnajua kwamba mtu aliyetoka mbali si lazima awe mvamizi. Tishu nayo ni hivyo. Ile ya ugenini imetulia pale ilipo, inafanya kazi ya kwao na wala haili ukuta wa jirani. Saratani ya tezi dume nayo inaweza kuingia kwenye kibofu, na hiyo ndiyo mvamizi. Kwa macho, hata kwa kamera inayopitishwa kwenye mrija wa mkojo, vinyama hivyo viwili vinaweza kufanana.

Anayevitofautisha ni mtaalamu wa patholojia mbele ya hadubini. Kwenye tezi iliyo salama anaona matabaka mawili ya seli: za juu zinazotoa majimaji, na za chini zilizokaa kama msingi wa nyumba. Katika saratani ya tezi dume, tabaka la chini huwa limetoweka. Akitaka uhakika zaidi huipaka tishu rangi maalumu zinazoshika protini ya PSA, ile ile tunayoipima kwenye damu, na kwa hiyo hujua kwamba seli hizi asili yake ni tezi dume na si kibofu.

Mtaniuliza: kama ni jambo adimu na halina madhara makubwa, kwa nini tulisemee hapa, wakati tuna malaria na akina mama wa kujifungua? Kwa sababu mgonjwa wake anabisha mlango ule ule anaobisha mwenye saratani. Damu isiyouma, inakuja na kutoweka. Wakati mwingine mkojo unachoma au unakatika, wakati mwingine damu inaonekana kwenye manii, na wengine ni vijana kabisa. Hakuna hata mmoja wetu atakayejua kwa kumtazama usoni kwamba huyu ana kinyama cha ugenini na yule ana saratani. Kwa mzee aliyevuta tumbaku miaka mingi, nasi tunaishi katika mkoa unaolima tumbaku, damu kwenye mkojo ichukuliwe kuwa saratani ya kibofu hadi vipimo viseme vingine. Uvutaji ndio chanzo kikubwa cha saratani hiyo.

Tuanze basi na yaliyo karibu. Mpime mkojo. Muulize alikulia wapi, maana kichocho cha mkojo kimeshamiri Kanda ya Ziwa na Pwani, na aliyeoga mabwawa ya huko utotoni anaweza kuwa bado nacho. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri usikutulize. Ukiyaona, mpe prazikwanteli kwa uzito wake, kisha mpime tena baadaye. Fikiria mawe, fikiria kifua kikuu. Lakini kosa tunalolifanya zaidi, nami nimelifanya, ni kumpa antibiotiki, damu ikakata, tukashukuru. Damu hii hukata yenyewe. Kukata kwake hakumaanishi kwamba umetibu. Mwanaume mtu mzima aliyekojoa damu mara moja, na hukupata sababu iliyo wazi, apewe rufaa kwenda Mpanda, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na kutoka huko hadi hospitali yenye mtaalamu wa njia ya mkojo: Bugando, Mbeya, KCMC au Muhimbili.

Matibabu yenyewe nitayapitia haraka, kwa kuwa hayafanyiki hapa. Kinyama hukatwa kwa kifaa kinachopita kwenye mrija wa mkojo, bila kupasua tumbo, na wagonjwa wengi hupona kabisa. Saratani kuzuka kwenye tishu ya ugenini imewahi kuripotiwa, ila ni nadra mno. Hata hivyo mgonjwa afuatiliwe, hasa damu ikirudi.

Niliyoyabeba moyoni ni haya ya kipande kilichokatwa. Nimewaona watu waliorudi vijijini wakisema wamefanyiwa upasuaji wa uvimbe, na walipoulizwa uvimbe gani, hawajui, kwa sababu hakuna aliyeupeleka maabara. Mtu kama huyo hulala kila usiku na neno saratani, huenda akauza ng'ombe akatafuta waganga, na kumbe alichokuwa nacho kilikuwa kipande kisicho na hatia. Au kinyume chake, anatulia huku mvamizi anakula ukuta. Kila tishu inayotolewa mwilini iende maabara. Itumbukizwe kwenye formalini ya asilimia 10, si maji, si spiriti, na dawa hiyo iwe nyingi kama mara 10 ya ukubwa wa nyama, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Chupa iandikwe jina, umri, mahali tishu ilipotolewa na tarehe. Hata sisi tusiokata tunaweza kumfundisha mgonjwa kabla hajapanda gari: baba, wakishamaliza, waulize nyama imepelekwa wapi na majibu yatatoka lini.

Majibu hayo hutoka baada ya majuma, na mgonjwa wetu wakati huo amekwisha kurudi Mwese, na masika barabara ni tope tupu. Kwa hiyo kwenye fomu ya rufaa tusiandike jina lake na kijiji tu. Tuandike kitongoji, namba ya simu yake, namba ya jirani au mwanawe, na namba ya kituo hiki. Kisha tuweke daftari moja la majibu tunayoyasubiri, na kila Jumatatu mtu alifungue, apige simu Mpanda, aulize. Jibu likifika, mhudumu wa afya wa kitongoji hicho apande mlima ampelekee mzee huyo karatasi yake, akae naye chini, amsomee.