Kuhamisha deni la nyumba: tuhesabu kwanza

Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka. Wanamemba wengi waliomba yaandikwe.



Mulituomba tuseme juu ya deni la nyumba, zaidi sana juu ya kuchukua deni jipya ili kulipa la zamani. Sisi wenye kazi ya kutembelea vijiji tunaingia katika nyumba zenu kila wiki, na tunaona ni kwa nini swali hili linawakosesha usingizi.

Tangu mwaka wa 2005, meli zilipoanza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka hapa, mambo ni yale yale. Mtu anarudi, anakuta kiwanja cha baba yake ni majani, ao mwingine amejenga juu yake. Akipata msaada, unatosha manjanja na misumari. Matofali, fundi, mlango, anajitafutia mwenyewe. AVEC inakopesha kidogo na kwa miezi michache. Basi anaenda kwa Banki Lambert. Munacheka, lakini munaijua: haina ofisi wala kibao, ni mtu mwenye feza na kaye yake.

Tuchukue mfano. Mtu amekopa dola 300, kwa faida ya 20 kwa mia kila mwezi. Kila mwezi anatoa dola 60. Hizo 60 ni faida tu, 300 zinabaki pale pale. Baada ya miezi 10 ametoa dola 600, na bado anadaiwa 300. Mtu huyu si mvivu. Analipa sana, lakini deni halisogei.

Sasa tuseme koperative ya akiba na mikopo inakubali kumpa 300 hizo kwa 3 kwa mia kila mwezi, juu ya feza inayobaki, kwa miezi 10. Kila mwezi anarudisha 30 za deni lenyewe pamoja na faida. Mwezi wa kwanza analipa dola 39, wa mwisho 30 na senti 90. Faida yote ni dola 49 na nusu, na deni linaisha. Ndiyo maana ya kuhamisha deni.

Lakini kuna mitego minne.

Wa kwanza ni namna ya kuhesabu. Muulize: faida iko juu ya deni la mwanzo ao juu ya linalobaki? Kama ni juu ya 300 mpaka mwisho, ni 9 kila mwezi, jumla 90. Ni 3 kwa mia ile ile, lakini umeongeza dola 40 na nusu. Muulize pia feza za dosie, na muziweke ndani ya hesabu.

Wa pili ni muda. Wakikuambia miezi 20, malipo ya kwanza yanashuka mpaka dola 24 na moyo unatulia. Lakini faida yote inapanda mpaka 94 na nusu. Mwenye watoto wengi shuleni anaweza kuchagua hivyo, mradi ajue bei yake.

Wa tatu ni dola na faranga. Mama anayeuzisha ndagala ao mawese anapokea faranga. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930, na mwisho wa 2017 ilipita 1,500. Mwenye deni la dola aliuzisha samaki wengi zaidi kwa deni lile lile. Kama unapata faranga, omba deni la faranga.

Wa nne ndio mbaya zaidi: karatasi. Kuna wenye kukopesha wanaokutilisha saini karatasi ya mauzo ya kiwanja badala ya karatasi ya deni. Ukichelewa, anasema ulimuuzia. Kwa hiyo, siku ya kuhamisha deni, koperative imlipe mkopeshaji wa zamani moja kwa moja, mbele ya mashahidi. Aandike kwamba deni limekwisha, na arudishe karatasi zote siku ile ile. Feza isipitie mfukoni mwako, maana njiani kuna ugonjwa, kuna kilio, kuna mgeni.

Tena, bibi na bwana wakae pamoja kabla ya saini. Sheria ya Jamaa, ilivyorekebishwa mwezi wa 7 mwaka wa 2016, inawaomba wasikilizane juu ya mambo kama haya. Nyumba ni ya wote wawili, na wote wawili watalala nje ikipotea.

Sasa tufike kwa jambo la kupigia kura. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na haki ya mtu inaonyeshwa na cheti cha kuandikishwa. Wengi wenu muna karatasi ya shefu tu, na koperative inaweza kuikataa kama dhamana. Ndiyo sababu tunaomba robo moja ya mfuko wa chama iwekwe kuwa dhamana ya wanamemba wanaotaka kutoka kwa Banki Lambert. Awe memba tangu miezi 12, alete hesabu yake mbele ya komite, na wawili wa komite wawe mashahidi siku ya malipo.

Tumewasikia wazee wanaosema mfuko ule ni wa kilio na ugonjwa. Wana haki kuulinda. Hatuwafichi: memba akishindwa, koperative itachukua feza ya dhamana. Lakini jamaa ikipoteza nyumba, itakuja kwa mfuko huo huo kuomba kodi na chakula, na feza hiyo hairudi. Dhamana inarudi deni likilipwa.

Na ninyi wafadhili, manjanja muliyotoa yako juu ya nyumba hizi. Tusaidieni ili wenyewe wabaki chini yake.

Kabla ya kura, kila mtu mwenye deni achukue kalamu, aandike vitu vitatu: amekopa ngapi, amekwisha kulipa ngapi, bado ngapi. Asiyejua kuandika, tuko hapa, tutaandika pamoja naye.