Daftari la Nyumba Zinazonyang'anywa

Wandugu wa kazi, na ninyi mama zetu mliokuja,

Mimi ni karani wa mugodi. Kazi yangu ni kuandika majina: nani ameingia, nani ametoka, nani ana deni. Basi msishangae nikiwaletea leo habari ya daftari. Ni daftari la mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, inchi ya Marekani.

Mji ule ulikuwa mji wa viwanda. Mtaa wa Slavic Village ulijengwa na watu waliotoka Poland na Bohemia kutafuta kazi ya chuma. Baadaye watu weusi wengi walikaa humo vilevile. Nyumba ni za mbao, ndogo, lakini mtu alisema: hii ni yangu. Kumbe aliinunua kwa mkopo, na nyumba ileile ikawa rehani. Akishindwa kulipa, mkopeshaji anamshitaki.

Hapa sikilizeni sawasawa. Katika Ohio mkopeshaji hana ruhusa kuja usiku na kutupa vitanda inje. Lazima kwanza apeleke mashitaka tribunali. Mshitakiwa anapewa siku 28 za kujibu. Akinyamaza, ao akishindwa, hakimu anakata shauri, nyumba inakadiriwa bei, halafu inauzwa kwa mnada. Na karatasi ile ya mashitaka si siri. Kila mtu anaweza kuisoma.

Lakini nani alikuwa akiisoma? Kila jamaa ilificha barua yake kama mtu anayeficha ugonjwa. Jirani aliona tu mlango umefungwa, kisha wezi wanang'oa mabomba ya shaba. (Shaba, wandugu! Ninyi mnajua jasho lake.)

Walimu wa chuo kikuu cha Case Western Reserve wakakusanya karatasi hizo, wakaziunganisha na daftari la viwanja. Kila kiwanja kina namba yake; namba inaonyesha mwenye nyumba, siku iliyouzwa, kodi kama imelipwa. Kazi hiyo waliiita NEO CANDO. Sasa vyama vya wakaaji waliweza kuona barabara kwa barabara: hapa tatu, hapa saba, hapa karibu mstari mzima. Aibu ya mtu mmoja ikawa shauri la mtaa.

Mwaka 2007 mashitaka katika wilaya ya Cuyahoga, ambamo Cleveland imo, yalipita 13,000. Wakubwa wengine walisema ni uvivu wa wenye deni. Hesabu ilijibu: mikopo ya riba kubwa ndiyo iliyoangusha nyumba nyingi, na watu weusi walipewa mikopo hiyo kuliko wazungu wenye mapato sawa nao. Tena ni watu walewale ambao mitaa yao, katika miaka ya 1930, ilipakwa rangi nyekundu katika ramani za serikali, alama ya kuwanyima mkopo. Kwanza waliwanyima, kisha wakawapa mbaya.

Na mdai mwenyewe ni nani? Mikopo iliuzwa mkono kwa mkono kama magunia ya unga. Mwezi wa 10, 2007, hakimu Christopher Boyko alitupa mashitaka 14 ya Deutsche Bank, kwa sababu banki haikuonyesha kwamba mikopo ilikuwa mali yake siku iliposhitaki.

Daftari hilo lina upungufu, nasema kama karani. Mashitaka si mnada; wengine walilipa, wengine walipatana. Na yule aliyeacha ufunguo mezani akaondoka kimya kabla ya kushitakiwa, haandikwi popote. Zaidi ya hayo, karatasi iliyo wazi kwa jirani iko wazi kwa mlanguzi pia. Yeye anaisoma asubuhi, na jioni amekwisha kubisha mlangoni na feza kidogo mkononi, kabla mama wa nyumba hajajua kwamba bado ana siku 28.