Mkoromaji na Mashine Yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, mchana wa siku ya pili



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya "afya ya mtumishi". Nilimjibu kwamba somo hilo ni pana mno, tena kila mwaka hapa hapakosekani mtu wa kutuambia tupunguze chumvi. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya jambo moja tu, ambalo nalijua kwa kuwa nalala nalo kila usiku. Nalo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao wataalamu huuita apnia, na mashine inayoutibu.

Wale tuliolala bweni moja katika miaka ya 1990 watakumbuka kwamba jina langu halikuwa lile la kwenye daftari la mahudhurio. Niliitwa MV Songea, kwa ajili ya meli ile iliyokuwa ikipita Mbamba Bay na Liuli, ambayo ngurumo yake ilitangulia kufika kabla yake yenyewe. Kiranja akanihamishia kitanda cha mwisho, karibu na mlango, na sote tukacheka, nami nikiwamo. Katika nchi yetu mkoromaji huchekwa, la sivyo husifiwa. Kwetu milimani, na kule ziwani pia, mzee akikoroma hata kuku wakashtuka bandani, husemwa kwamba ameshiba na amelala fofofo.

La hasha. Anayekoroma namna ile huenda hajalala hata kidogo.

Mtu anapolala, misuli yake yote hulegea, pamoja na ile inayoshikilia ulimi, kaakaa laini, kimeo na kuta za koo. Kwa watu wengi njia ya hewa hubaki wazi. Lakini wako ambao njia hiyo ni nyembamba kwa maumbile, au kidevu chao kimerudi nyuma, au mafindofindo yao ni makubwa, au shingo imejaa mafuta. Kwao njia hubana. Ikibana kidogo, hewa hupita kwa kuzitetemesha nyama zile laini, na huko ndiko kukoroma. Ikiziba kabisa, kukoroma hukoma. Chukueni mpira wa ndani wa baiskeli usio na upepo: kuta zake hugusana, nawe hata ukivuta kwa mdomo, zitazidi tu kugandamana. Ndivyo koo linavyokuwa. Kifua huhangaika kuvuta, wala hakuna kinachoingia. Oksijeni hupungua katika damu, moyo hupata taabu, mwishowe ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache. Hukoroma kwa kishindo kama mpiga mbizi aliyeibuka majini, kisha hulala tena, na asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu kila kukatika kwa pumzi kunakofikia sekunde 10 au zaidi, pamoja na zile nyakati ambazo pumzi hupungua sana bila kukatika. Ikiwa ni mara 5 hadi 15 kwa saa, ugonjwa ni mdogo. 15 hadi 30 ni wa kati. Kupita 30 ni mkali. Nilipopimwa mimi, kwa usiku mmoja wa kufungwa mkanda kifuani, waya kichwani na kibano kidoleni, ilionekana ni mara 41 kwa saa.

Nilifikishwa kwenye kipimo hicho na shinikizo la damu. Nilikuwa nameza dawa za aina tatu na bado halishuki. Daktari aliyeniona Dar es Salaam aliniuliza maswali machache, kisha akamgeukia mke wangu. "Mama, mzee huyu akilala, unasikia nini?" Mke wangu akajibu: "Kukoroma nimeshazoea, daktari. Ninachoogopa ni akinyamaza. Hunyamaza nami nahesabu. Nikifika ishirini na tano nampiga kiwiko." Daktari akaweka kalamu chini. Dalili nyingine nilikuwa nazo zote: kichwa kuuma asubuhi, kwenda haja ndogo mara tatu au nne usiku, na kusinzia mikutanoni. Juu ya hili la mwisho natumaini Mwenyekiti atakubali kwamba si kila mara kosa ni la msinziaji.

Waliosoma fasihi ya Kiingereza humu watamkumbuka Joe, yule kijana mnene katika The Pickwick Papers cha Dickens, aliyesinzia hata akiwa kazini. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walilichukua jina la kitabu hicho wakauita ugonjwa wa namna hiyo. Tangu hapo watu wengi hudhani ni ugonjwa wa wanene peke yao. Unene unachangia sana, ni kweli, na mnene akipungua uzito hupata nafuu; lakini mimi mnaniona. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 katika jarida moja la kitabibu la Uingereza yalisema watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu. Wengi wao hawajui.

Sasa mashine. Hadi mwaka 1980, mgonjwa mwenye hali mbaya alikuwa na tiba moja ya hakika: kutobolewa tundu kooni ili apumulie hapo usiku. Mwaka huo huko Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alimpata mgonjwa aliyekataa kutobolewa. Sullivan alikuwa akichunguza upumuaji wa mbwa waliolala. Akachukua kipulizo cha umeme, akakiunganisha kwa mpira na kibarakoa kilichobandikwa puani mwa mgonjwa, akasukuma hewa ya kawaida ya chumbani. Koo likabaki wazi, na mtu yule akalala usiku kucha. Habari hizo zilichapwa mwaka 1981. Mashine zote za leo, hizi zinazoitwa kwa herufi nne CPAP, ni wajukuu wa ile.

Angalieni kwamba haitoi oksijeni. Watu wengi wakiona barakoa hudhani nimefikia hali ya mahututi. Ni hewa hiihii, ila inasukumwa kwa nguvu kidogo ili kuta za koo zisigusane, kama upepo unavyoutanua mpira wa baiskeli. Nguvu yenyewe hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi huenda kutoka 4 hadi 20. Yangu imewekwa 11.

Fikra hiyo ina ndugu yake karibu na sisi kuliko Sydney. Tangu mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walikuwa wameonyesha kwamba msukumo wa hewa huwaokoa watoto wachanga ambao mapafu yao hayajakomaa. Mashine za watoto hao zilikuwa ghali mno kwa nchi zetu. Basi ng'ambo ya ziwa letu, nchini Malawi, katika hospitali kuu ya Blantyre, wataalamu wa huko pamoja na wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani walijaribu mashine ya bei nafuu iliyoundwa kwa pampu za kupulizia hewa matangi ya samaki. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Katika watoto waliopewa mashine, 71 katika kila 100 waliishi; katika waliopewa oksijeni ya puani tu, 44. Nami hufurahi nikikumbuka kwamba samaki wadogo wa rangirangi wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa ndio hufugwa katika matangi ya namna hiyo huko Ulaya.

Nieleze maisha na mashine, maana vitabu vyake havikuandikwa kwa ajili ya Mbinga. Ina kijungu cha maji kinachopashwa moto ili hewa isikaushe pua. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Umatengo ikiingia chumbani, mvuke ule hugeuka maji ndani ya mpira, na saa nane ya usiku mtu hushtuka amemwagiwa puani. Dawa yake ni kuupitisha mpira chini ya blanketi na kuiweka mashine chini ya usawa wa kitanda, maji yarudi yalikotoka. Nikiteremka Mbamba Bay, ambako ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na joto na unyevu vinatosha, kijungu nakizima. Maji natumia yaliyochemshwa yakapoa, nayabadilisha kila siku. Barakoa naiosha kwa sabuni kila asubuhi. Nyakati za kuchoma mashamba, kichujio cha hewa huwa cheusi kwa muda mfupi sana.

Halafu umeme. Mwaka 2018 njia ya umeme kutoka Makambako ilipofika Songea, hali katika mkoa wetu ilibadilika; kabla ya hapo tulitegemea zaidi majenereta. Lakini umeme hukatika, na vijiji vya mwambao ninavyovitembelea kikazi si vyote vina nyumba ya wageni yenye uhakika. Kwa hiyo nina betri. Hesabu ni rahisi, na vijana wa fizikia waifanye nami: mashine yangu bila kupasha maji inakula wati zipatazo 30. Kwa saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya jua ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na haifai kuimaliza zaidi ya nusu. Nalala siku mbili bila kuichaji. Fedha za mashine, ambazo zilipita shilingi milioni mbili, nilikopa katika SACCOS.

Wiki ya kwanza ni ngumu. Mtu huona kama anazibwa pumzi badala ya kupewa, na barakoa huacha alama usoni. Wengi huiweka juu ya kabati. Wala sitaki kuitukuza kupita kiasi. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,600 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuona kwamba mashine iliwapunguzia kiharusi wala mshtuko wa moyo. Usingizi wa mchana na hali ya moyo yenyewe, kwa maana ya furaha, vilitengemaa. Lakini watu wale waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Mimi naivaa usiku mzima. Shinikizo langu limeshuka kiasi, dawa moja imepunguzwa, mbili nameza hadi leo.

Hatari iliyo wazi kuliko zote ni ya barabarani. Dereva mmoja wa idara niliyowahi kufanya kazi, mtu asiyegusa pombe, alisinzia saa nne asubuhi akiteremka kutoka Mbinga. Gari likaingia katika shamba la ngoro la watu. Yeye alipona, ngoro na mahindi vilikwenda, na barua ya onyo ikaandikwa. Nilipomuuliza kama anakoroma, wenzake walijibu kabla yake. Mashine hana hadi leo. Analala kwa ubavu, jambo linalosaidia kidogo, na ameomba asipangiwe safari za usiku. Idara hununua matairi manne kwa fedha ambazo zingekaribia kumnunulia dereva usingizi, na sijaona kifungu cha bajeti kinachozuia hilo.

Liko jambo lingine ambalo nalisema kwa uzito. Baba yangu mdogo aliishi upande wa Liuli, mvuvi, mwenye shingo nene, na akikoroma alisikika ufukweni. Alilala jioni moja akiwa mzima na hakuamka. Siwezi kusema ni apnia iliyomwua. Hakupimwa, na mauti ya ghafula yana milango mingi. Ninachojua ni kwamba kabla ya arobaini kulikuwa na jina la bibi mmoja jirani midomoni mwa watu, na kabla ya mvua bibi huyo alikuwa amehama kijiji na mbuzi wake wawili. Katika maneno yote yaliyosemwa msibani, hakuna aliyemuuliza mama mdogo alikuwa akisikia nini usiku. Mimi nilimuuliza miaka mingi baadaye. Akasema: "Mwanangu, alikuwa akikata pumzi. Nikadhani ni jinamizi."

Namalizia na wenye madawati. Walimu wangu, si kila kijana anayesinzia darasani ni mgonjwa. Wengine wamekesha na vitabu, na wengine wamekesha na mambo ambayo sisi wa zamani tunayafahamu. Lakini yupo anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anaamka na kichwa kinauma, pengine hata kulowesha kitanda katika umri ambao hakupaswa, na ambaye kila Jumatatu anapigishwa magoti mbele ya darasa. Huyo aangaliwe koo. Kwa watoto na vijana mara nyingi shida ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, na kuzikata humponya wengi wao bila mashine yoyote. Na viranja wa mabweni, ninyi mnasikia kuliko daktari yeyote. Kabla hamjamhamishia mtu karibu na mlango, msikilizeni kwa dakika kumi akinyamaza, mhesabu, mkamwambie matroni.

Mashine nimekuja nayo. Iko katika chumba cha mlezi wa bweni, imechomekwa kwenye betri, si kwenye umeme wa shule. Anayetaka kuweka kiganja mbele ya mpira aone jinsi hewa inavyosukuma, aje kabla ya chakula cha jioni. Na yule rafiki yangu wa mstari wa tatu, ambaye amesinzia tangu nilipotaja Sydney, namwomba mkewe abaki kidogo.